Mtaa Uliofunga Madirisha

Jumapili, 4 Desemba

Daftari hili amelituma Hebou, binti yetu aliyeko ughaibuni, Cairns, niandike presha ya baba yake kila siku. Basi naandika: presha ya leo si mbaya. Nikishaandika hivyo ukurasa unabaki mtupu, nami sipendi kupoteza nafasi, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mvua zimeanza. Lahara, upepo wa msimu wa mvua, imevuma tangu asubuhi na mtaro wa mbele umejaa hadi ukingoni. Kanisani sikwenda, kwa sababu mume wangu Kone hapendi kubaki peke yake siku ya radi. Hawezi kuniambia hivyo, ila najua. Tangu kiharusi kilipompiga mwaka juzi, upande wa kulia umelala na ulimi hautoi neno. Akitaka maji ananyoosha mkono wa kushoto. Ajabu ni kwamba kuimba anaweza. Alikuwa kiongozi wa kwaya miaka mingi, na zile peroveta, nyimbo za kanisa za kwetu, zinamtoka na maneno yake yote. Daktari anasema nyimbo zinakaa pahali pengine kichwani. Mimi nasema Mungu alipokuwa akifunga milango alisahau mmoja.

Mtungi wa gesi wa Miria, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, umeibwa. Kabla ya hapo ilikuwa betri ya gari kwenye nyumba ya kona. Nimechoka hata kuuliza ni nani.

Jumanne, 6 Desemba

Mvua. Kazi. Mashuka ya hoteli hayakauki. Presha sawa.

Ijumaa, 9 Desemba

Hebou kapiga simu. "Mama, unamwacha baba na nani ukienda kazini?" Nikamwambia, na Mama Agata. "Yule muuza popoo?" Ndiyo, yule yule.

Meza yake iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na geti letu. Ni mwanamke wa Simbu, kule milimani, mpana, mwenye sauti inayofika kabla yake. Kila asubuhi nikipita kuwahi basi la kazini namwachia ufunguo. Mchana anavuka, anampa Kone chakula nilichofunika mezani, anarudi kwenye popoo zake. Hajawahi kukubali nimpe kitu zaidi ya sahani ya sago nikipika. "Nenda, mama," ananiambia, "mzee wako hapotei. Nani ataiba mzigo mzito hivyo?"

Jumanne, 13 Desemba

Leo imekuwa zamu ya Bwana Turagil. Ana mbwa wawili, ana ukuta wenye vigae vya chupa juu, na bado wamemchukulia jenereta. Mbwa walikutwa wamelala wameshiba. Asubuhi nzima alisimama katikati ya barabara na soksi, anapiga simu. Ni mtu wa Rabaul, mji wa visiwani, mstaafu wa forodha, na hakuna kinachomuudhi kama mzigo kupita bila yeye kuukagua.

Jumamosi, 17 Desemba

Mkutano wa usalama wa mtaa, kwenye banda la gari la Bwana Turagil. Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimetoka zamu ya alfajiri, miguu imevimba. Lakini Miria alinigongea. "Dada Boio, usipokuja watasema mnajua kitu." Nikaenda.

Bwana Turagil alianza kwa sala, akamaliza sala, akanyoosha kidole ng'ambo.

"Jamani, tazameni pale. Vijana wanakaa kutwa, wanatafuna, wanatema mate mekundu kama wamechinja. Na macho yao yako wapi? Kwenye mageti yetu. Nani katoka, nani kaingia, nani kanunua friji. Mimi nawaambia ile si meza ya popoo. Ile ni ofisi ya wezi."

"Kweli," Miria alisema. "Mimi nikipita wananitazama mpaka nasahau kutembea."

Sauti ikatoka barabarani, maana Agata alikuwa anasikia kila neno. "Bwana mkubwa! Mbona asubuhi ulikuja ofisini kununua za kutafuna mkutanoni?"

Watu walicheka, na Bwana Turagil akafunga mdomo haraka, meno yake yakiwa mekundu kweli kweli.

Nikasema, "Meza haijaiba kitu, Bwana Turagil."

"Mama Hebou, wewe lazima umtetee. Anakulindia mume bure."

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Wanaotaka meza iondoke wakaambiwa wainue mikono, na mikono ikapanda. Wangu ulibaki mapajani. Wanaokataa wakaambiwa wainue, na wangu ukabaki pale pale mapajani. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama nikipiga pasi mashuka ya watu wasionijua. Nilitaka kulala.

Amepewa hadi mwaka mpya.

Jumatatu, 19 Desemba

Kone kaanguka leo, karibu na mlango wa choo. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, kavalishwa shati safi, dafu mkononi. Agata alikuwa jikoni kwangu anaosha vyombo kana kwamba nyumba ni ya dada yake.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Si aliimba."

"Anaimba kila siku."

"Mama, mimi nimekaa mbele ya nyumba yako miaka. Akiwa mzima anaimba polepole, anapumzika kati ya mistari. Leo aliimba mfululizo, kama mtu anayepiga kengele ya moto. Nikavuka na vijana wangu wawili. Hao hao wezi," akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Nilikosa pa kuweka uso. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vyombo alivyoosha.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Kuku, ndizi za nazi. Umeme ulikatika kabla ya kula. Presha imepanda kidogo, nadhani ni chumvi.

Jumatatu, 2 Januari

Bwana Turagil alikuja na walinzi aliowakodi, wenye buti na virungu. Hawakuhitaji kutumia vyote hivyo. Agata aliwaona tangu mbali, akafunga mwavuli wake, akamimina popoo kwenye gunia, akakifunga kibuyu cha chokaa kwa kitambaa. Meza wakaibeba walinzi wakaitupa mtaroni, maji yakaichukua.

Nilikuwa nyumbani, mapumziko ya sikukuu. Alivuka akanipa ufunguo.

"Mtafutie mzee mtu mwingine wa kumsikia."

"Agata, mimi sikuinua mkono."

"Nilikuona hukuinua. Mara mbili."

"Nilikuwa nimechoka."

"Sote tumechoka, mama," akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonikata. "Wewe unachoka umesimama, mimi nachoka nimekaa. Kwaheri."

Akaondoka chini ya mvua, gunia kichwani, mwavuli umefungwa kwapani. Hakuufungua.

Jumatatu, 9 Januari

Miria ameahidi kumtazama Kone mchana, maana kazi yake ya hesabu za watu anaifanya nyumbani. Mtaa kimya. Mate mekundu yameoshwa na mvua. Bwana Turagil kanipungia mkono kutoka getini kwake akasema, "Unaona, Mama Hebou? Unasikia utulivu huo?" Kweli, unasikika.

Jumamosi, 14 Januari

Mvua tangu Jumatano. Presha sawa.

Ijumaa, 20 Januari

Miria kaporwa. Mchana kweupe, hatua chache kutoka getini kwake, pale pale meza ilipokuwa. Vijana wawili wasiojulikana, mmoja ana kisu kifupi. Wamechukua simu na mkoba wa kufumwa aliopewa na mama yake kabla hajafariki. Simu haimuumi, mkoba ndio unaomuumiza. Alikaa jikoni kwangu, chai mbele yake inapoa.

"Niliangalia huku, nikaangalia kule, dada. Hakuna mtu. Barabara nzima, hakuna hata mtu mmoja wa kumwita kwa jina."

Jumapili, 29 Januari

Kila nyumba inapandisha ukuta. Mafundi wa seng'enge wamekuwa wafalme mtaani. Miria ameweka madirisha mapya yanayozuia sauti na kiyoyozi cha kuyafidia. Hatoki tena kuja mchana, ananitumia ujumbe tu: "Nimemsikia, yuko salama." Simlaumu. Mtu aliyeshikiwa kisu halaumiwi kwa kuogopa hatua kumi.

Nimemwona Bwana Turagil leo asubuhi kupitia tundu la ukuta wake. Alikuwa anashuka kwenye gari lake, ndani ya ua, na mto na blanketi. Mkewe amekwenda Kokopo kwa dada yake na hasemi atarudi lini. Kumbe mzee wa watu analala kwenye gari kulinda nyumba isiyo na mtu. Nilikuwa namchukia vizuri sana. Sasa hata hilo limenichosha.

Ijumaa, 3 Februari

Mvua. Walinzi wa kukodi wameacha kuja. Presha juu kidogo.

Jumanne, 7 Februari

Naandika haya hospitalini, kwenye benchi, Kone amelala.

Basi lilinishusha kona mvua ikinyesha. Nilipofika nyumbani geti lilikuwa wazi, linacheza kwa upepo. Nilijua. Mtu anajua kabla hajaona. Nilitembea pole pole kuliko siku zote, kwa sababu kadiri nilivyochelewa kufika mlangoni ndivyo jambo lilivyochelewa kuwa kweli.

Kufuli la mlango lilikuwa limekatwa. Televisheni hakuna. Mtungi wa gesi hakuna, gunia la mchele hakuna. Cherehani yangu hakuna. Walichukua hata mapazia. Dirisha la nyuma walikuwa wameling'oa zima na mvua ilikuwa inaingia kama imealikwa. Kiti cha Kone kilikuwa kimepinduka.

Nikasikia kitu. Si sauti, ni pumzi yenye mdundo. Alikuwa chini jikoni, ubavu wake mmoja kwenye maji, midomo inakwenda. Alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki hewa tu, lakini alikuwa bado anaimba, akifika mwisho anarudi mwanzo. Nilipiga magoti nikamshika uso. Hakunyamaza. Nilimwambia, "Nimefika, Kone. Nimekusikia. Basi, baba, basi." Ilichukua muda kabla midomo haijasimama.

Kando ya kichwa chake palikuwa na kikombe cha maji, kimejaa. Mimi sikukiweka pale. Kati ya wezi wale alikuwemo mmoja aliyemwona mzee chini akamwonea huruma, akamtekea maji, akayaweka upande wa kulia, upande usiofanya kazi. Kisha akabeba cherehani yangu akaenda zake. Nimekifikiria kikombe hicho jioni nzima. Sijui nimlaani mtu huyo au nifanye nini.

Nilitoka barabarani nikapiga kelele. Miria akatoka, na vifaa vya kusikilizia bado shingoni. Alipomwona Kone akaziba mdomo.

"Nilimsikia," akasema. "Dada, nilimsikia. Tangu asubuhi. Nikasema leo mzee ana raha, anaimba kwelikweli. Halafu nikapigiwa simu ya kazi... nikafunga dirisha."

Bwana Turagil alileta gari, ndilo gari pekee lililokuwepo. Tulimbeba Kone, yeye na mimi, na maji ya mvua yakawa yanatiririka kwenye miwani yake. Tulipofika njia ya hospitali alizungumza bila kugeuka.

"Na mimi nilisikia, Mama Hebou. Nilidhani ni redio."

Nilikuwa nyuma, kichwa cha Kone mapajani. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, tena makali. Nikatazama kisogo chake, nywele nyeupe zimelowa. Nikasema, "Tazama barabara, baba."

Jumatano, 8 Februari

Maji yamemuingia kifuani. Amewekewa dripu. Polisi walikuja nyumbani, wakaandika, wakaondoka.

Jumamosi, 11 Februari

Homa imeshuka. Hebou analia kwenye simu. Anasema tuje Cairns, wote wawili, hata kesho. Anasema, "Mama, unang'ang'ania nini huko?" Nilianza kupanga katika mtaa huu yeye akiwa tumboni, nikaja kununua nyumba hii chumba kwa chumba. Lakini hilo si jibu, hiyo ni historia.

Alhamisi, 16 Februari

Tumerudi nyumbani. Daktari anasema koo limepona kabisa, hakuna kinachomzuia. Lakini Kone haimbi. Nimeanza mimi wimbo anaoupenda, nikaukosea makusudi, maana zamani alikuwa havumilii. Alinitazama tu, kisha akageuzia uso ukutani. Sasa nyumba yetu nayo ni kimya kama nyumba nyingine zote za mtaa.

Kazini nimeomba likizo. Nakaa nyumbani nikitazama mlango.

Jumapili, 19 Februari

Leo nilimwacha Kone na Miria, aliyekuja mwenyewe bila kuitwa, nikaenda Morata, mtaa anakokaa Agata, kumtafuta. Niliulizia sokoni. "Yule Msimbu mwenye sauti?" wakaniambia. "Mfuate sauti." Nikamfuata sauti hadi nikamkuta kwenye kona ya matope, amekaa kwenye ndoo, popoo zimepangwa juu ya gunia.

Aliniona, akaendelea kumhudumia mteja. Alipomaliza akasema, "Karibu, mama. Ofisi imehama."

Nilimwambia nimekuja kumwomba arudi.

"Mimi si mbwa, Mama Hebou, wa kufukuzwa kwa jiwe na kuitwa kwa mfupa." Akachovya popoo kwenye chokaa, akatafuna, akatema pembeni. "Hapa wananijua. Nimeshapata wateja. Nirudi kwa nani? Kwa wale walioinua mikono? Au kwa wewe uliyeikalia?"

"Una haki," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kubishana, wala hapakuwa na cha kubishia. Nikageuka niondoke.

"Mzee hajambo?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale kwenye matope, watu wanapita katikati yetu. Nilipofika kwenye kuimba aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye kikombe alifunga kibuyu cha chokaa, akakishika kwa mikono miwili.

"Asubuhi hadi jioni?"

"Hadi jioni."

"Na hakuna aliyevuka barabara."

"Hakuna."

Alikaa kimya. Sijawahi kumwona Agata kimya. Mwishowe akasema, "Kuuza sirudi. Kumwona mzee nitakuja."

Jumapili, 26 Februari

Alikuja baada ya misa, na mkungu wa ndizi na viazi vitamu vya kwao. Aliingia na sauti yake yote.

"Wewe mzee! Nasikia umeimba kutwa nzima na hakuna aliyekupigia hata makofi! Mimi pia ningegoma!"

Mimi nikadhani kamjeruhi. Kumbe Kone kacheka. Mabega yakatikisika, mdomo ukaenda upande, na kicheko kikatoka, kibovu, kama gari linalokataa kuwaka. Ndicho kitu cha kwanza kutoka kinywani mwake tangu siku ile. Agata akavuta kiti akakaa, akamsimulia umbea wa Morata wote, mpaka ndizi zikaiva jikoni.

Alipotoka alimkuta Bwana Turagil amesimama ng'ambo, amekuja hadi barabarani ila hathubutu kuvuka. Agata alimpita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme.

Jumatano, 1 Machi

Mvua kubwa. Nyumba ya kona wamevunjiwa tena. Presha ya Kone nzuri. Yangu sipimi.

Jumamosi, 4 Machi

Bwana Turagil kaja kwangu, kabeba kofia mkononi.

"Mama Hebou, zungumza na yule mama. Mwambie mtaa umefikiri upya."

"Mtaa haujafikiri. Wewe umefikiri. Nenda kamwambie."

"Mimi? Morata?"

"Yeye alikuja hapa kwa miguu."

Akatazama chini. "Naogopa, Boio," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita kwa jina. "Naogopa hata kwenda dukani. Kila kijana nikimwona naona jenereta yangu mikononi mwake."

"Basi tutaogopa wawili," nikamwambia. "Vaa viatu."

Alivaa vile vya kazini, vya kung'aa. Pale sokoni matope yalimfika kwenye kifundo. Watu wa lugha ya Agata wakajikusanya kutazama mzee mwenye suruali ya pasi akiteleza. Agata hakuinuka kwenye ndoo yake.

"Mama," Bwana Turagil akaanza, "tulikosea."

"Nani?"

"Mimi. Nilikosea. Tunakuomba urudi utulindie mtaa. Tutakujengea kibanda, na kila nyumba itakuwa inatoa chochote cha—"

"Ishia hapo." Agata aliinua kiganja. "Mimi si mlinzi. Walinzi ulikuwa nao, wako wapi? Mimi nauza popoo. Nikiona kitu, naona kwa sababu nina macho, na nikivuka, navuka kwa sababu namjua aliyeko ng'ambo. Hilo halinunuliwi." Akamtazama. "Umenunua popoo kwangu miaka mingapi?"

"Mingi."

"Naitwa nani?"

Bwana Turagil alifungua mdomo. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mbali.

"Mama... Mama Simbu," akasema.

Soko zima likaangua kicheko. "Mama Simbu!" kijana mmoja akapiga kelele. "Mzee, Simbu ni jimbo zima, umewaoa wote?" Hata Bwana Turagil alijaribu kucheka lakini uso haukumtii. Agata hakucheka.

"Agata Mondo. Sema."

"Agata Mondo."

"Nami najua wewe ni Ereman, najua mkeo ni Elis, najua mbwa wako mkubwa anaogopa radi. Nenda nyumbani, Ereman. Nitafikiri."

Tulipofika kona ya mtaa akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Elis. Hata jina la Elis."

Jumapili, 12 Machi

Hakuna habari. Mvua za asubuhi tu, mchana jua linatoka. Nimemwambia Hebou tutasubiri kidogo. Amesema, "Msubiri nini, mama?" Nimesema, "Mwisho wa mvua."

Jumatatu, 20 Machi

Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Agata ameshafika. Hakumwambia mtu. Mwavuli uko wazi, ndoo mbili na ubao juu yake, popoo zimepangwa. Bwana Turagil tayari alikuwa nje na nyundo, anatengeneza benchi, vibaya sana, Agata anamkosoa kila msumari.

"Ereman, hilo ni benchi au ni ngazi?"

Miria akatoka kununua popoo, yeye ambaye hatafuni. Alisimama na popoo yake mkononi hajui aifanye nini. "Kaa, mwanangu," Agata akamwambia. "Kukaa hakuuzwi."

Alhamisi, 23 Machi

Miria amemletea Kone kipenga, kile cha waamuzi wa mpira, akamvisha shingoni kwa kamba. Kwa shida, akamwambia. Tungejuaje tena akipata shida? Saa ya chai Kone akakipuliza. Kabla sijageuka kutoka jikoni Agata alishaingia na kijiti cha chokaa mkononi, Miria nyuma yake bila viatu, na Bwana Turagil na panga lake na povu la kunyolea ndevu shavu moja.

Kone akatutazama wote, mmoja mmoja. Hakuna kilichomsibu. Alikuwa anajaribu tu.

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilitia maji zaidi kwenye birika. Kuimba hajaimba tena. Labda ndiyo imekwisha. Nimeacha kumwanzishia.

Jumanne, 28 Machi

Usiku wa kuamkia leo mtu kaiba mwavuli wa Agata. Mtaa mzima umeona aibu kuliko yeye. "Hata ofisi ya wezi inaibiwa," anawaambia wateja.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Mvua haijanyesha wiki nzima, na upepo umegeuka, unatoka upande wa pili. Hebou amepiga simu mapema, ameuliza swali lile lile: "Mama, niambie kweli, huko sasa ni salama?" Nikamwambia sijui. Wizi haujaisha. Juzi wamechukua kebo za nyumba ya kona. Nikamwambia mwaka huu hatuji Cairns, aje yeye. Akasema ataangalia likizo.

Baada ya kanisa nilimtoa Kone kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye benchi, tukakaa. Agata alikuwa anamenya popoo. Watu walikuwa majumbani wanakula. Akatokea kijana mmoja kutoka chini ya mtaa, mgeni, kofia imefunika macho, mikono mfukoni. Alikuja pole pole akitazama mageti, akasimama kwenye geti la Miria.

Mwezi wa kwanza ningemsukuma Kone ndani nikafunga makufuli yote. Mikono ilishashika kiti.

"Mwanangu!" Agata akaita. "Unamtafuta nani?"

Kijana akageuka. "Natafuta... nyumba ya shangazi."

"Shangazi ana jina?"

Akasita. Wakati huo mlango wa Miria ukafunguka, akasimama kizingitini na sahani yake. Bwana Turagil akatoka na leso ya chakula shingoni. Nyumba ya kona wakatoka. Hakuna aliyebeba kitu, hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, kila mmoja getini kwake, wanamtazama, kama watu wanaotazama mgeni.

"Nimepotea mtaa, nadhani," kijana akasema.

"Inatokea," Agata akamjibu. "Chukua hii ya njiani." Akamtupia popoo moja. Akaidaka, akashuka alikotoka. Huenda alikuwa na shangazi kweli. Hatutajua.

Nilingoja watu warudi ndani. Hawakurudi. Miria alivuka na sahani yake, akaja kumlisha Kone kipande cha samaki. Bwana Turagil akaleta kiti chake mwenyewe, maana benchi lake halimwamini hata yeye. Tulikaa hadi jua likafika kwenye kuta.

Kuchoka, bado nimechoka. Kesho ni sikukuu, lakini keshokutwa mashuka yananisubiri. Ila leo nimechokea nje.